Bwawa Lenye Majina Mawili

Jumapili, 3 Agosti

Spika amefika. Begi moja, ndoo moja, na mdomo. Mdomo ndio mzigo.

Ni mtoto wa shangazi. Shangazi yuko masomoni miezi mitatu, anasomea ukunga, kwa hiyo binamu yangu atakaa kwetu. Chumba changu. Kitanda changu. Upande wa ukutani — upande WANGU! Mama kasema, mpishe dada yako, kachoka na safari. Kachoka wapi? Kaongea tangu getini hadi jikoni bila kumeza mate. Hilo jina la Spika alimpa Mama mwenyewe mwaka juzi, eti ukimwasha hazimiki. Na yeye analipenda! Mimi ningeitwa hivyo ningejifungia wiki nzima.

Fundi Saa, jirani yetu, tumeishi naye ukuta kwa ukuta tangu nizaliwe. Maneno yangu yote kwake ukiyajumlisha ni shikamoo. Spika kakaa kibarazani kwake dakika tano, karudi anajua goti linalomsumbua ni la kushoto, na kwamba zamani alikuwa golikipa.

Wakati wa kula Baba kacheka mpaka kaweka kijiko chini. Nimejaribu kukumbuka ni lini mimi nilimchekesha hivyo. Bado najaribu.

Jumanne, 5 Agosti

Fomu imekuja! Ile ya mpango wa hifadhi. Baba anaingoja tangu Machi.

Baba ni fundi wa kuchomelea, karakana yake iko hapa hapa mbele ya nyumba. Lakini roho yake iko kwenye shamba la bondeni, lile aliloachiwa na babu. Nusu yake ni majimaji. Matete, vyura, na tope linalovua watu viatu. Watu walimwambia akaushe alime. Akakataa. Sasa serikali ina mpango: ukikubali kuiacha sehemu yenye maji ibaki na maji, wanakuletea katapila la kuchimba bwawa, nyasi za kushikilia kingo, na vifaranga wa samaki wa kuanzia. Baba aliposikia hivyo akatembea kama mtu aliyeahidiwa mke wa pili. (Mama ndiye aliyesema hivyo. Mimi nimenukuu tu.)

Masharti yote ni kwa Kiingereza. Kurasa nne za maelezo, mbili za kujaza. Baba Kiingereza anasoma tarakimu tu. Kwa hiyo tumekaa karakanani, mimi kwenye gogo, yeye kwenye stuli, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, akasema kama anavyosema siku zote: "Haya, karani wangu. Wanasemaje?"

Karani wangu. Tangu nikiwa darasa la sita mimi ndiye namsomea kila karatasi. Pale mbele ya ile stuli ndipo mahali pekee duniani sauti yangu inatoka bila kuvutwa.

Nimefika neno "pond" nikasema kidimbwi. Kamusi ya shule inasema hivyo. Lo! Kavua miwani.

"Kidimbwi? Mimi nichimbe kidimbwi? Mvua ikinyesha kidogo tu hapo mlangoni kuna kidimbwi! Bata wanaoga! Sema bwawa."

Nikaanza kumwambia Baba, bwawa ni pana, linaweza kuwa hili au lile, lakini kwamba Kiingereza kina neno lingine kwa lile la kuziba mto kwa ukuta, hakunipa nafasi ya kulisema. Kasema, "Andika bwawa." Nikaandika kwa penseli pembeni ya ukurasa wa pili wa maelezo: pond = bwawa (la kuchimba). dam = bwawa (la kuziba kijito) — SIYO LETU. Baba kaukunja ule ukurasa kaweka kwenye sanduku la vifaa, chini ya bisibisi.

Tulikuwa tunafurahi. Halafu Spika kaingia na chai, kauliza mnacheka nini, na Baba akaanza kumsimulia yeye tangu mwanzo. Kidimbwi na bata na vyote. Yeye kacheka vizuri kuliko mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Afisa hifadhi kaja kukagua shamba. Ni mama wa makamo, mabuti ya mpira hadi magotini, anatembea kwenye matope kama yuko sebuleni. Tulikwenda wote wanne, yeye, Baba, Spika, mimi nyuma.

Kapiga vigingi. Bwawa litakuwa hatua arobaini kutoka kijito, maji yatajitokeza yenyewe kutoka chini ya ardhi. Kingoni tuache mita kumi za nyasi, hakuna jembe, hakuna mbuzi. Mahali maji yanapotoka bwawani tuweke chekeche la chuma samaki wasitoroke kuingia kijitoni. Na kijito chenyewe kisiguswe. Kasema kwa Kiswahili, anamwangalia Baba machoni: mkikiacha kijito, sisi ni ndugu. Mkikiziba, hiyo ni ofisi nyingine, na mimi simjui mtu hapa.

Halafu kauliza kwa Kiingereza tungependa samaki gani. Mimi jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limepangwa kichwani, kila kitenzi kimevaa nguo zake. Nikawa nalingoja litoke.

Spika kajibu. Kiingereza cha Spika kimevunjika miguu yote miwili, lakini kinatembea! Changu ni kizima, kimekaa kitako. Afisa kacheka, wakaongea, wakashikana mabega. Spika anataka kambare. Afisa kakataa, kwenye orodha yao kuna perege tu, kambare anakula wenzake. Nikawaza: basi kambare mmoja tunaye tayari, kalala upande wangu wa kitanda. Nilicheka peke yangu. Baba kageuka kauliza unacheka nini, nikasema hakuna kitu.

Hakuna kitu! Mzaha wangu wa kwanza mzuri mwaka huu, nikaumeza.

Tukirudi Baba kamwambia Spika, wewe ndiye utakuwa katibu wa bwawa, mdomo huo tusiupoteze bure. Fomu ujaze wewe. Tena mwandiko wako mkubwa, unaonekana. Wa mwenzio ni kama siafu wamehama.

Kasema akicheka. Kanigusa kichwa. Hakumaanisha vibaya, najua. Najua! Lakini nimetembea njia nzima nikihesabu miguu ya siafu.

Ijumaa, 8 Agosti

Fomu imejazwa na Spika. Meza ya jikoni, kalamu ya bluu. Kaniuliza neno moja tu. Baba kaipeleka ofisini mwenyewe, kaoga kwanza.

Sina la kuandika leo.

Jumamosi, 16 Agosti

Habari njema kwa watu wote wa nyumba hii: afisa kampigia Baba simu. Katapila linaingia eneo letu wiki ya mwisho ya mwezi. Litaanza kwetu, kisha kwa Fundi Saa, naye anataka kibwawa cha bata (kwake yeye kidimbwi si tusi). Ijumaa ya tarehe 29 linaondoka kwenda upande wa pili, na likivuka halirudi mpaka mwakani.

Baba leo katengeneza chekeche. Kaacha kazi ya watu, mlango wa watu umeegemezwa ukutani haujaisha, yeye anakata nondo za samaki wake. Kachora bwawa zima kwa chaki kwenye bati, na kingo, na zile mita kumi. Kachora na samaki. Samaki wa Baba ana kope.

Spika kamshikia upande wa pili wa chekeche. Amevaa miwani ya akiba. Ile miwani ni yangu — yaani haijaandikwa, lakini ni mimi huwa naivaa nikimtazama. Halafu Spika kaomba ajaribu, Baba kampa kifaa kamwambia haya, gusa, toa, gusa, toa. Spika kachomelea! Nukta mbili. Moja imetoka kama tambi iliyoangukia chini, lakini Baba kamsifu mpaka Fundi Saa akaja kuangalia.

"Huyu umemtoa wapi, jirani?" kauliza Fundi Saa.

"Wa dada yangu. Lakini sirudishi."

Sirudishi.

Mama kaniuliza mbona husogei karibu. Nikasema moshi. Ukweli: sijawahi kumwomba Baba anifundishe. Miaka yote nimekaa kwenye lile gogo nikingoja aone kwamba nataka. Spika kangoja muda gani? Wiki mbili. Hakungoja, kaomba! Kumbe unaomba tu, unapewa.

Ananiudhi hata akiwa mwema. Jana kanifulia sare zangu zote za shule bila kuambiwa. Nani kamtuma?

Alhamisi, 21 Agosti

Barua. Bahasha ya kahawia, si ya ofisi ya hifadhi. Ni ya ofisi ya maji.

Baba kampa katibu wake. Spika kasoma mistari mitatu kwa sauti, akaanza kukwama, akanipa mimi. Mikono yangu ilijua kabla sijasoma.

Nikamsomea Baba kwa Kiswahili, taratibu. Kwamba ombi lake la kujenga ukuta wa kuzuia maji ya kijito limekataliwa. Kwamba kuziba kijito bila kibali ni kosa. Kwamba nakala imepelekwa ofisi ya hifadhi, na msaada wote umesimamishwa hadi atakapojieleza.

Baba: "Nani anaziba kijito?"

Nikarudia.

"Nimesikia. Nani anaziba kijito?"

Chekeche liko pale limeegemea ukuta, lishapakwa rangi.

Kabla hatujameza, Fundi Saa huyo mlangoni. Bustani yake ya mboga iko chini ya shamba letu, inanyweshwa na kijito hicho hicho, na ofisi imempigia kuuliza kama ana malalamiko. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kasema, jirani, miaka ishirini tunapeana chumvi, ukitaka kunikaushia mboga si ungeniambia tu? Baba kaapa. Fundi Saa kasema sawa, sawa, lakini karatasi inasema vingine. Kaondoka akichechemea. Hakunywa maji.

Spika kachukua nakala ya fomu iliyokuja na barua, kaisoma, kasoma tena. Kuna visanduku viwili. Kimoja "Pond". Kimoja "Dam". Tiki yake kubwa, ya bluu, inaonekana vizuri. Iko kwenye cha pili.

Kapiga magoti mbele ya Baba. "Mjomba, ni mimi. Nilitafuta bwawa kwenye simu, ikaniambia 'dam', nikatia tiki. Ni mimi, Mjomba, nisamehe."

Baba kamwinua. Kamwambia simama, mtoto, mimi ndiye niliyelazimisha bwawa. Halafu kaenda karakanani. Hakuwasha mashine. Nyumba yetu haijawahi kuwa kimya mchana namna ile.

Jumapili, 24 Agosti

Sikuandika yote ile Ijumaa ya tarehe 8. Niandike sasa. Hili daftari halina mtu mwingine.

Spika alikuwa mezani jikoni. Mimi nilikuwa nachambua mchele, mgongo kwake. Kasema, "Mdogo wangu, njoo. Bwawa kwa Kiingereza si ndio 'dam'? Simu inasema hivyo. Wewe ndiye bingwa, mimi nabahatisha."

Nikaenda nikaangalia. Niliona visanduku vyote viwili. Nilijua. Siku tatu kabla nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe SIYO LETU.

Nikaitikia kwa kichwa.

Ndivyo nilivyo, kila mtu anajua, huwa sijibu kwa mdomo. Kwa hiyo siku zote hizi nimejiambia: sikusema uongo, sikusema kitu. Lakini kichwa kilisema! Mara mbili. Chini, juu, chini, juu. Halafu nikarudi kwenye mchele wangu na nikajisikia vizuri. Hilo ndilo baya. Nilijisikia kama mtu aliyepewa zawadi.

Sikutaka Baba akose bwawa. Wallahi sikutaka. Nilidhani afisa ataona kosa, atairudisha fomu, Baba atasema, aa, hii kazi mpeni karani wangu. Basi. Nilitaka Spika ajikwae kidogo tu. Akajikwaa Baba.

Na Alhamisi alipopiga magoti nilingoja aseme, "na huyu nilimuuliza." Nilikuwa nimeshika kiti. Hakusema. Tulipoingia chumbani kaniambia, usilie, mdogo wangu, hata wewe ulidhani hivyo hivyo, tumekosea wote wawili, mimi nimebeba ya wote, mabega yangu mapana.

Anadhani sikujua! Anadhani bingwa naye alibahatisha!

Hata kubeba kosa kanishinda.

Jumanne, 26 Agosti

Baba kaenda ofisi ya hifadhi kwa miguu, karudi saa nane. Afisa kakubali kuja kesho. Sharti lake: watu wa nyumba waandike maelezo kosa lilitokeaje, ayapeleke mwenyewe ofisi ya maji keshokutwa asubuhi. Akichelewa, katapila linakwenda kwa Fundi Saa kisha linavuka. Na anataka kuona karatasi zote. Za kujaza na za maelezo.

Za maelezo.

Nilikwenda karakanani haraka kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Sanduku la vifaa lilikuwa wazi. Spika alikuwa amekaa kwenye stuli — ile stuli — ukurasa wa pili mkononi. Anasogeza midomo. Anasoma siafu wangu mmoja mmoja.

Nilisimama. Alisimama. Jua lote la mchana lilikuwa kwenye ile karatasi.

Nilitaka anitukane. Mtu mwenye mdomo ule! Anaweza kuuita mtaa mzima kwa pumzi moja. Kaukunja ukurasa kwenye mkunjo wake ule ule.

"Mwandiko wako mdogo," kasema. "Lakini unasomeka."

Kapita pembeni yangu, kaenda kumsaidia Mama jikoni. Siku nzima hakusema neno. Mama kamgusa shingo kuona kama ana homa.

Jumatano, 27 Agosti

Haraka. Wako sebuleni.

Afisa kaja na mabuti yake, safari hii kavua mlangoni, kakaa na soksi. Hakuwa na utani. Kasema ofisi ya maji haitaki hadithi ndefu. Wanataka kujua kitu kimoja: hili lilikuwa kosa la lugha, au nyumba hii ilijua tofauti ikajaribu bahati yake? Kwa hiyo maelezo yawe mafupi, kwa Kiingereza: kwamba hakuna mtu katika nyumba hii aliyejua kwamba 'pond' na 'dam' ni vitu viwili. Mtu aliyejaza atie sahihi. Yeye ataambatanisha na zile kurasa nne za maelezo ya mpango.

Spika kasema, "Niliyejaza ni mimi, nitatia sahihi." Kasema kwa sauti ndogo. Sauti yangu!

Baba akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mahali pangu. Kasema, "Maneno yatungwe na mjuzi. Karani wangu yuko wapi? Karani wangu, njoo uandike. Lete kalamu, na ule ukurasa uliobaki, Spika anasema uko chumbani kwenu."

Karani wangu. Mwezi mzima nimelisubiri hilo neno. Limekuja limebeba kisu.

Niandike kwamba hakuna aliyejua. Basi Baba aamini kwamba miaka yote hii amesomewa na mtu asiyejua. Au niandike kwamba mmoja alijua, na hilo katapila —. Hapana, kuna na la tatu, afisa si jiwe, nikimweleza yeye mwenyewe, kwa mdomo, uso kwa uso, kwamba aliyejua ni mimi, na kwamba Baba hakuwahi kugusa kijito hata kwa fikra — huenda. Sijui. Huenda asinielewe. Huenda Baba akanielewa, hilo ndilo linalonitisha.

Nimekuja chumbani. Ukurasa uko juu ya mto wangu. Upande wa ukutani! Spika kahamisha shuka lake, kanirudishia upande wangu. Na juu ya ukurasa kaweka kifutio chake, kile chenye alama za meno.

Penseli inafutika. Alijua hilo. Kaniachia.

Sijui kama ni msaada au ni mtihani. Kwa Spika labda ni kifutio tu. Ndiyo maana namwonea wivu, mpaka sasa hivi, na yeye yuko pale mwisho wa korido anasubiri kutia sahihi kosa langu.

"Karani! Kalamu imeota mizizi?" Baba huyo. Afisa kacheka kidogo. Spika hakucheka, ningemsikia.

Kalamu ninayo, ndiyo hii. Kifutio kiko mkono wa kushoto.

Nimeitika. "Nakuja, Baba!" Imetoka kubwa sana, sijui imetoka wapi, hadi sebuleni wamenyamaza wote, na sasa wanangoja hiyo sauti iseme